Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Stesheni Zilizosalia na Uamuzi Kuhusu Daftari Letu

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyoagiza, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wapenda stesheni za kale. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, nami sitaingilia kazi yake isipokuwa kwenye suala la ada, ambalo siwezi kulinyamazia.

Shughuli za kawaida mnazijua. Mihadhara ilifanyika kama ilivyopangwa, maonyesho ya picha yalifunguliwa na kufungwa kwa wakati, kamati tendaji ilikutana kila robo mwaka, na kadi za daftari letu la stesheni za kale za Marekani zimeendelea kujazwa. Mhadhara kuhusu stesheni ya Ellicott City huko Maryland ulipokelewa vizuri sana. Jengo lile la mawe lilijengwa mwaka 1830 na 1831 na Kampuni ya Reli ya Baltimore na Ohio, ndilo kongwe kuliko stesheni zote zilizosalia nchini humo, na leo ni makumbusho. Namshukuru katibu kwa maandalizi, ingawa slaidi na maelezo yake niliyaandaa mimi mwenyewe.

Sasa hali ya uanachama. Orodha yetu ina majina 112. Waliolipa ada ya mwaka huu ni 47. Kati ya 65 waliobaki, 29 wana malimbikizo ya miaka miwili au zaidi. Mkutano mkuu uliopita ulihitaji akidi ya wanachama 38, waliofika ni 19, na saa moja baadaye walikuwa wamebaki 16. Hizi takwimu nazirudia kwa makusudi, kwa sababu wengi wa wanaolalamika kwamba kamati inaamua mambo peke yake hawakuwemo ukumbini siku ambayo mambo hayo yalitakiwa kuamuliwa na wote.

Hapo ndipo ninapoingia kwenye suala lililotugawa. Mwezi wa tatu kamati tendaji ilipitisha kwamba katika daftari letu, stesheni itahesabiwa kuwa imesalia ikiwa jengo lilijengwa kwa kazi ya stesheni na bado lina umbo lake, hata kama treni haisimami tena hapo, hata kama sasa ni hoteli, maktaba, benki au mgahawa, na hata kama limehamishwa kutoka kando ya reli. Lililohamishwa litawekewa alama yake kwenye kadi. Jengo jipya lililoigiza la zamani halitaingia. Nilipokea barua iliyotiwa saini na wanachama 14 wakipinga. Wanasema stesheni isiyo na treni si stesheni, na kwamba mwenyekiti ameligeuza daftari kuwa orodha ya hoteli. Wengine walikwenda mbali zaidi wakasema nililazimisha.

Sikulazimisha. Hoja ilikuwa kwenye ajenda iliyotumwa kwenu nyote mapema, akidi haikutimia, na katiba inaipa kamati mamlaka ya kuamua kati ya mkutano mmoja na mwingine. Walionishutumu hawakuleta pendekezo mbadala, si kwa mdomo wala kwa maandishi. Hata hivyo sitaki kujificha nyuma ya vifungu vya katiba. Uamuzi huu ninauamini, na nataka mjue sababu zake.

Tukubali kwanza kwamba kanuni ya wapinzani ingelifuta daftari karibu lote. Amtrak, kampuni ya taifa ya treni za abiria, ilipoanza kazi tarehe 1 Mei 1971, karibu nusu ya treni za abiria zilizokuwa zimesalia Marekani zilikoma kwa siku moja. Kabla ya hapo, barua zilikuwa zimeondolewa kwenye treni nyingi mwaka 1967, na bila malipo ya posta kampuni za reli hazikuona faida ya kubeba abiria. Maelfu ya stesheni ndogo za mbao zikawa mzigo kwa wenye reli. Nyingi zilibomolewa. Zilizopona, mara nyingi zilipona kwa sababu mtu alilinunua jengo kwa bei ya bure, kwa sharti kwamba aliondoe kwenye ardhi ya reli. Akalipandisha juu ya lori, akalipeleka upande wa pili wa mji, likawa nyumba ya kuishi, ofisi au makumbusho ya mji. Je, tumwambie mtu huyo kwamba alichookoa si stesheni?

Ziangalieni hizo stesheni ndogo wenyewe. Bado mtakuta lile dirisha lililochomoza nje ya ukuta upande wa reli, ambapo karani wa stesheni alikaa na mtambo wake wa telegrafu akaona njia pande zote mbili bila kuinuka kitini. Mtakuta chumba cha mizigo chenye mlango mpana wa kusukuma pembeni, na mara nyingine ngazi ya kwenda ghorofani alikoishi karani na familia yake. Majimboni Kusini mtakuta vyumba viwili vya kusubiria na madirisha mawili ya tikiti, kimoja cha wazungu na kingine cha weusi, kama sheria za ubaguzi zilivyotaka. Ukarabati usio makini huvunja ukuta wa katikati ili kupata ukumbi mmoja mpana wa kulia chakula, na ushahidi wa ubaguzi ule unapotea pamoja na ukuta. Ndiyo maana nilisisitiza kila kadi iwe na nafasi ya kuandika vyumba vya kusubiria vilikuwa vingapi na vilikuwa vya nani. Pendekezo hilo lilikuwa langu, na sijasikia aliyelipinga.

Kwa wanaosema jengo likihama limekufa, natoa mfano wa stesheni ya Smiths Creek, Michigan, iliyojengwa miaka ya 1850 na reli ya Grand Trunk. Simulizi inasema kijana Thomas Edison, aliyekuwa akiuza magazeti ndani ya treni, alishushwa hapo baada ya kemikali zake kuwasha moto kwenye behewa. Henry Ford, mwenye kiwanda cha magari, alilihamisha jengo hilo hadi kwenye makumbusho yake huko Dearborn, na tarehe 21 Oktoba 1929 Edison mwenyewe, akiwa mzee, alishuka kwenye treni mbele ya stesheni ileile pamoja na Rais Herbert Hoover. Jengo lipo mpaka leo na mamilioni ya watu wameliona. Lingebaki lilipokuwa, sina hakika kama tungekuwa hata na picha yake.

Kuhusu hoteli, ambazo ndizo zilizowaudhi wengi. Union Station ya St. Louis ilifunguliwa mwaka 1894. Treni ya mwisho iliondoka Oktoba 1978, na mwaka 1985 jengo likafunguliwa upya kama hoteli na maduka. Tangu mwaka 2019 chini ya paa la majukwaa kuna akwariamu ya samaki. Najua neno akwariamu linawakera baadhi yenu. Lakini ukumbi mkuu, kuta zake zilizopakwa dhahabu na vioo vyake vya rangi, bado unaingilika na mtu yeyote. Huko Winslow, Arizona, La Posada, hoteli yenye stesheni yake, ilisanifiwa na Mary Colter kwa ajili ya reli ya Santa Fe na kufunguliwa mwaka 1930, ikafungwa mwaka 1957, ikageuzwa ofisi za reli, na mwaka 1997 ikarudi kuwa hoteli. Treni ya Amtrak husimama mlangoni pake hadi leo. Kanuni ya wapinzani ingeiacha La Posada ndani na kuitoa St. Louis nje, ilhali zote mbili zimeokolewa na vitanda vya wageni.

Tena matumizi mapya huweza kuirudisha treni. Cincinnati Union Terminal, yenye lile paa la nusu kuba, ilifunguliwa mwaka 1933 na kupoteza treni mwaka 1972. Mwaka 1974 jumba la kupandia treni lililokuwa nyuma yake lilibomolewa, na picha za vigae za msanii Winold Reiss zilizokuwemo zikapelekwa uwanja wa ndege. Makumbusho yalihamia humo mwaka 1990, na mwaka uliofuata Amtrak ikarejea. Union Station ya Kansas City nayo ilifungwa mwaka 1985, wapiga kura wa wilaya za majimbo mawili, Missouri na Kansas, wakakubali mwaka 1996 kulipa kodi ya mauzo ili kulifufua jengo, likafunguliwa mwaka 1999 kama kituo cha sayansi, na mwaka 2002 treni zikarudi. Wananchi wa majimbo mawili walikubali kutozwa kodi kwa ajili ya stesheni moja. Chama chetu kinashindwa kukusanya ada ya mwaka.

Na Detroit. Michigan Central Station ilianza kazi mwaka 1913, treni ya mwisho ikaondoka Januari 1988, na kwa miaka thelathini ghorofa zake 18 zilisimama zikiporwa na kunyeshewa. Mwaka 2009 baraza la mji lilipiga kura libomolewe. Kampuni ya Ford ililinunua mwaka 2018 na kulifungua Juni 2024, baada ya vigae 29,000 vya kampuni ya Guastavino kwenye dari ya ukumbi mkuu kukaguliwa na kusafishwa. Saa mojawapo ya jengo iliyoibwa zamani ilirudishwa na aliyeichukua, bila kujitambulisha. Leo hakuna treni ya abiria inayosimama hapo. Kwa barua ya wanachama 14, jengo hilo lisingeandikwa. Mimi siwezi kutia saini daftari lisilo na Michigan Central.

Hofu ya wapinzani naielewa. Wengi tulianza kupenda stesheni kwa sababu ya habari za Pennsylvania Station ya New York, ambayo ubomoaji wake ulianza Oktoba 1963, na hasira yake ikazaa sheria ya jiji ya kulinda majengo ya kale mwaka 1965. Sheria hiyo ndiyo iliyoiokoa Grand Central, stesheni nyingine ya New York, mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1978. Grand Central bado inahudumia treni, na ningependa zote ziwe hivyo. Ila daftari letu ni la majengo yaliyopo, na yaliyopo mengi yamepona kwa kupewa kazi nyingine.

Kwa mwaka ujao tunatumaini kuchapisha sehemu ya kwanza ya daftari, hali ikiruhusu. Tunatarajia pia kuandaa mihadhara zaidi, na huenda tukatafuta wafadhili. Wanaotaka uamuzi huu ubatilishwe wanayo haki hiyo: walete hoja kwa maandishi kwa katibu siku 21 kabla ya mkutano mkuu, wafike, na wawe wamelipa ada, kwa kuwa ibara ya kupiga kura haimruhusu mwenye malimbikizo. Orodha ya wasiolipa ipo kwa mweka hazina. Sitaisoma leo, lakini itabandikwa ubaoni mwishoni mwa mwezi huu.

Naomba taarifa hii ipokelewe na kujadiliwa.

Mwenyekiti