Yah: Lida na tipeti mlizoniuzia kwa jina la fluorokaboni, na niliyofanyiwa kaunta kwenu

Kwa Meneja,
Duka la Zana za Uvuvi,
Mjini, Unguja.

Assalamu alaykum.

Kwa heshima naomba barua hii isomwe na meneja mwenyewe. Isiishie mikononi mwa kijana wenu wa kaunta, kwani nusu ya malalamiko haya ni yeye.

Nusu nyengine ni bidhaa. Zile pakti za lida za futi 9, yaani uzi wa mbele unaounganisha mshipi na chambo, na roli za tipeti, uzi mwembamba wa mwisho unaofungwa chambo, zimeandikwa fluorokaboni, yenye nguvu ya ratili 20. Ndani mna nailoni, tena nailoni iliyokwisha kuliwa na jua. Sisemi kwa kukisia. Nilikata kipande cha tipeti yenu na kipande cha fluorokaboni niliyobaki nayo tangu zamani, nikavilowesha vyote viwili, nikavitosa ndani ya bakuli la maji. Changu kilikwenda chini papo hapo. Chenu kikazurura juu kwanza, kisha kikashuka polepole. Fluorokaboni ina uzito unaokaribia mara 1.8 ya maji, nailoni haifiki hata 1.2. Bakuli la jikoni limetosha kuwaumbua.

Nailoni sina ugomvi nayo. Ni laini, inavutika, bei yake ndogo, na chambo cha manyoya kikitakiwa kielee juu naichagua mwenyewe. Lakini inakunywa maji, na ikishalowa nguvu inapungua. Jua nalo linaimaliza kidogo kidogo bila ya kuonekana kwa jicho. Nyinyi mmezitundika pakti zenu kwenye kioo cha mbele, jua la alasiri lote linaishia hapo, hadi maandishi yamepauka. Mimi nilitaka fluorokaboni kwa sababu navulisha wageni penye matumbawe, na yenyewe inastahimili kukwaruzwa. Bei ya fluorokaboni ndiyo mliyonitoza.

Lida zilipokatika baharini, nilikuja kwenu na moja yao na risiti. Nimepanda meli Mkoani, nimeshuka Malindi, nimekuja moja kwa moja. Kijana wenu akaichukua lida iliyokatika, akaivuta kwa mikono miwili, kavu, akasema, "Mbona haikatiki?" Kisha akaichukua hiyo hiyo, ushahidi wangu, akafungia katoni ya mteja mwengine. "Haya, imepata kazi." Watu wakacheka.

Sera yenu ya kurejesha bidhaa imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake. Sina haja ya kukusomeeni.

Najua mtasema sikuzitunza. Zilifunguliwa asubuhi ya siku ile ile zilipokatika, ndani ya boti. Na zangu zote nikitoka baharini nazisuuza kwa maji baridi yasiyo chumvi, nazianika kivulini, naziweka kwenye mfuko usiopenya mwanga. Kila baada ya samaki napitisha uzi baina ya kucha na kidole. Nikihisi mkwaruzo, nakata na kufunga upya. Fundo silikazi kavu, nalilowesha mate kwanza, maana uzi ukijisugua mkavu unapata moto na kupoteza nguvu pale pale penye fundo. Haya kijana wenu angeyajua asingeuvuta mkavu mbele za watu akadhani amethibitisha kitu.

Siku hiyo zilipokatika tulikuwa Mlango wa Njao, huku Pemba, maji ya bamvua yanatoka. Mgeni akarusha vizuri, kolekole akashika, wala si mkubwa. Uzi ukakatika katikati, si kwenye fundo. Nikafunga lida nyengine kutoka pakti nyengine. Kolekole wa pili, ukakatika vile vile kabla rili, kigurudumu cha kukunjia uzi, haijalia sawasawa. Angekuwa nguru au mzia ningesema meno, na kwa hao natia waya. Kolekole hakati uzi mzima kwa meno. Mgeni hakunitukana, ila alikunja fimbo yake ya kuvulia na kuomba turudi. Nikamrejeshea fedha ya siku nzima, petroli juu yangu.

Na hilo la katoni narudia, kwa sababu nadhani mkisoma mara moja mtalipita. Ilikuwa katoni ya vikombe, ya mama mmoja mtu mzima. Yule mama mwenyewe alisema, "Mrejeshee mwenyewe kitu chake, mwanangu." Kijana wenu hakumsikiliza. Akaizungusha lida mara mbili, akapiga fundo, ncha akaikata kwa meno huku ananitazama mimi. Ndipo akasema, "Nyinyi Wapemba mmezoea mshipi wa mkono, haya waachieni wazungu." Mshipi wa mkono ndio uliomlea baba yangu na mimi, sioni aibu yake. Katoni ikatoka mlangoni na ushahidi wangu juu yake, na mimi nimesimama na risiti.

Nilipoanza kuandika nilitaka fedha yangu ya lida na tipeti tu. Sasa nataka na ya mgeni niliyemrejeshea, na ya petroli, na nauli ya meli kwenda na kurudi. Nataka pia msamaha kwa maandishi, wenye saini ya meneja na ya kijana huyo. Pakti zilizobaki kiooni ziondolewe, au ziandikwe nailoni na ziuzwe kwa bei ya nailoni.

Nilikusudia kukupeni siku 14. Nikiikumbuka ile katoni, nakupeni 7.

Zikipita, barua hii pamoja na pakti nne ambazo bado sijazifungua nitazipeleka mwenyewe Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na bakuli nitakwenda nalo. Manahodha wanaovulisha wageni kuanzia Kigomasha hadi Nungwi tunajuana, na wengi wao wananunua kwenu. Bado sijawaambia.

Wenu katika biashara, kwa sasa,

Nahodha na mwenye boti,
Wete, Pemba.