Mabadiliko ya mbio zetu za nyika za tarehe 26 Desemba

Ndugu wanachama, heri ya sikukuu na poleni na baridi.

Mbio zetu zipo palepale, Theodore Wirth Park hapa Minneapolis, saa nne kamili asubuhi. Ila kwa kuwa jana nilipokwenda kukagua njia theluji ilinifika magotini, na bendera tulizosimika zimebaki ncha tu, kamati imepunguza umbali kutoka kilomita 8 hadi 5. Tafadhali tusikanyage njia za wanaoteleza kwa ski, kwani nyayo zetu huziharibu.

1. Mchango ni dola 15, umfikie mweka hazina kabla ya tarehe 22 Desemba.
2. Vaeni soksi za sufu, si za pamba. Pamba ikishalowa haikauki upesi, na mguu huganda.
3. Nahitaji watu wanne watakaofika saa mbili asubuhi kushindilia njia, la sivyo atakayetangulia ndiye atakayewalimia wenzake.

Chai ya tangawizi ipo, kikombe uje nacho.

Naomba kila mmoja athibitishe hapa kikundini, kwa kuandika “nakuja” au “siji”, kabla ya kesho saa mbili usiku. Na anayejitolea kwa namba 3 aseme hivyo.

Mratibu wenu