Imani isiishie kwenye sala ya kufungua kipindi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie vyuo vikuu vya makanisa hapa nchini, ambavyo nimevitumikia kama mhadhiri kwa miaka mingi na ninavitakia mema. Vingi kati ya vyuo hivi huahidi kuwa vitaunganisha imani na elimu, na ahadi hiyo haikuokotwa njiani. Makumira, karibu na Usa River, kilikuwa chuo cha theolojia cha Walutheri muda mrefu kabla ya kuongezewa sheria, ualimu na biashara. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza, kilichoanzishwa mwaka 1998, kimepewa jina la mtu aliyefundisha ufasaha wa kusema kabla ya kuwa askofu wa Hippo. Kile cha Mtakatifu Yohana cha Dodoma kilifunguliwa na Kanisa Anglikana mwaka 2007 katika majengo yaliyokuwa ya Shule ya Sekondari Mazengo.

Ninachohofia ni kwamba ahadi hiyo tumeigeuza kuwa ratiba. Katika chuo kimoja cha kanisa nilichopata kufundisha, kila suala la kuunganisha imani na elimu lilipoletwa kikaoni, mjadala uliishia kwenye saa za ibada, kwaya na kozi moja ya maadili ya mwaka wa kwanza. Nje ya lango la chuo hicho hicho zilikuwapo steshenari zilizouza ripoti za utafiti zilizokwisha kuandikwa, na kila mtu alijua. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, ambaye aliongoza sifa kwa machozi ya kweli, aliniletea ripoti ambayo ukurasa wake wa 14 ulikuwa bado na jina la mwanafunzi aliyehitimu miaka miwili kabla yake. Nilimrudishia, naye akaadhibiwa kwa mujibu wa kanuni, lakini sikuweza kumtupia yeye peke yake lawama, kwa sababu ni sisi tuliomfundisha kusali katika chumba kimoja na kufanya utafiti katika chumba kingine, bila hata siku moja kumwambia kwamba kupika takwimu ni kushuhudia uongo.

Muungano ninaoutaka niliwahi kuuona kwa macho yangu, katika kipindi cha hesabu za gharama. Mwanafunzi mmoja, binti wa mkulima wa viazi, alisimama ubaoni kueleza lumbesa. Alichora gunia, akachora na ile nundu ya juu inayoshonewa kwa kamba, kisha akapiga hesabu: ikiwa gunia linalolipwa kama kilo 100 limebeba kilo 130, mkulima mwenye magunia 40 amenyang'anywa kilo 1,200 huku akishukuru kwamba amepata mnunuzi. Mwenzangu wa idara ya theolojia, niliyekuwa nimemwalika siku hiyo, akafungua Methali na Amosi panapolaaniwa mizani ya hadaa, akaeleza soko la Israeli ya kale lilivyokuwa na nani hasa aliyeumia. Kabla hajaketi, mwanafunzi Mwislamu aliyekaa nyuma alinyoosha mkono akaikumbusha sura ya Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza iwapo jambo hilo litatoka kwenye mtihani. Walitaka kujua mhasibu wa kampuni inayonunua kwa lumbesa aandike nini kwenye vitabu vyake.

Nimekitaja kisa hicho kwa kirefu kwa sababu wako wanaodhani kuwa kuingiza imani darasani ni kuwabagua wasio Wakristo, ambao ni wengi katika vyuo vyetu, au ni kuilegeza taaluma. Siafiki. Mhadhiri wa biolojia na afundishe mageuko ya viumbe kikamilifu, bila kupunguza neno, na mwanafunzi atakayetoka na maswali amkute mwanatheolojia aliye tayari kuketi naye pamoja na mhadhiri huyo. Georges Lemaître wa Ubelgiji alikuwa padre, na nadharia aliyoitoa mwaka 1931 kuhusu mwanzo wa ulimwengu aliijenga kwa fizikia na hisabati, wala hakutumia Maandiko kuziba pengo la hesabu.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwetu wahadhiri. Wengi wetu tulisomea fani zetu mahali ambapo imani haikutajwa kabisa, na theolojia tunayoijua ni ile ya shule ya Jumapili. Hatuwezi kuunganisha tusichokijua, wala semina ya siku moja haitoshi.

Kwa hiyo naziomba seneti za vyuo hivi zianze na jambo moja linalopimika: katika kila shahada iwepo angalau kazi moja kwa mwaka inayotungwa na kusahihishwa kwa pamoja na mhadhiri wa fani na mhadhiri wa theolojia, yenye alama zinazohesabiwa katika matokeo. Na kwa ripoti za utafiti, kila msimamizi amwite mwanafunzi wake ana kwa ana, waziweke mezani dodoso zenyewe zilizojazwa, na amwulize alizijaza wapi, siku gani na nani alimjibu.

Mhadhiri na msomaji wako,
Iringa