Kuhusu Jaguar E-Type na Porsche 911

Kwako swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeisoma barua yako na kuona kwamba umekwisha kuipa Jaguar E-Type, gari la michezo la Kiingereza la miaka ya 1960, ushindi dhidi ya Porsche 911 ya Wajerumani kwa sababu ya tarakimu mbili tu, yaani nguvu za farasi 265 kwa 130. Naomba usiharakishe hukumu, kwa kuwa tarakimu hizo hazikupimwa kwa kanuni moja. Jaguar ilitangaza kipimo cha injini ikiwa peke yake, bila kuendesha vifaa vyote vinavyoitegemea ikishafungwa garini, ilhali Porsche waliipima injini yao ikiwa na feni, dainamo na ekzosi yake. Kwa hiyo farasi kadhaa wa Jaguar hawakuwahi kutoka kiwandani.

Hata hivyo, barabara inaponyooka, E-Type iliyozinduliwa Geneva mwezi Machi 1961 inabaki mbele. Injini yake ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa cc 3,781 (lita 3.8) na kabureta tatu, iliifikisha kilomita 97 kwa saa katika takribani sekunde 7, wakati 911 ya kwanza, yenye cc 1,991, ilihitaji karibu sekunde 9 kufika kilomita 100. Mwendo wa juu uliotajwa ulikuwa kilomita 240 kwa saa kwa Jaguar na 210 kwa Porsche.

Lakini jambo linalonivutia zaidi ni mahali uzito ulipokaa. Porsche ilikuwa na kilo 1,080 tu, nyepesi kuliko mwenzake kwa zaidi ya kilo 100, ila injini yake inayopozwa kwa hewa ilining'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, na dereva aliyeondoa mguu ghafla kwenye mafuta akiwa katikati ya kona aliona mkia ukitangulia. Wahandisi walilijua tatizo hilo, wakafikia hata kuficha vyuma vizito ndani ya bampa la mbele, na hatimaye, kwa magari ya mwaka 1969, wakayasogeza magurudumu ya nyuma milimita 57 zaidi nyuma. Jaguar haikuhitaji hila za namna hiyo.

Breki za diski zilikuwa kwenye magurudumu yote manne kwa magari yote mawili. Kwa upande wa giaboksi, Porsche inashinda waziwazi: ina gia tano, na Jaguar ina nne nzito, ya kwanza ikisaga meno usipoiingiza gari likiwa limesimama.

Ukinilazimisha kuchagua, nitachukua E-Type ya lita 4.2 ya mwishoni mwa 1964. Karatasini nguvu zilibaki 265 zile zile, lakini injini ilivuta vizuri zaidi kwenye mizunguko ya chini, na giaboksi mpya ikaondoa kero ya gia ya kwanza. Niandikie iwapo bado unashikilia ile ya lita 3.8.

Wako wa dhati.