Mjuzi wa PHP ajihadhari na mazoea anapoingia Go

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasanidi wa programu wenzangu wa Tabora, hasa wale walioziandikia AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika) za tumbaku mifumo kwa lugha ya programu ya PHP na sasa wanataka kuhamia lugha ya Go. Kozi nyingi humrudisha mtu mwenye miaka kumi kazini kwenye "kigeu ni nini" na "kitanzi ni nini". Hayo anayajua. Kitakachomuumiza ni mazoea: mkono unaandika Go, kichwa bado kiko PHP, na kompaila (programu inayotafsiri msimbo) inampitisha.

Tuchukue mizani. Marobota mawili yana jumla ya kilo 167. Gawa 167 kwa 2 katika PHP, unapata 83.5. Katika Go, namba zote mbili zikiwa nzima, jibu ni 83. Hakuna onyo, hakuna kosa. Nusu kilo imeyeyuka kwenye kila robota. Wengi hukimbilia kuligeuza jibu kuwa desimali, wakati huo wanageuza 83 kuwa 83.0. Geuza kabla ya kugawa, au bora zaidi, tunza uzito kwa gramu.

Fedha ina mtego wa pili. Weka 19.99 kwenye kigeu cha float64 (aina ya namba zenye desimali), zidisha kwa 100, kata kuwa namba nzima: utapata 1998. PHP nayo hufanya vivyo hivyo. Ila ukiandika 19.99*100 moja kwa moja ndani ya msimbo wa Go, kompaila huikokotoa kwa usahihi kamili na kukupa 1999. Ndiyo maana jaribio uliloandika kwa namba za mkono linapita, halafu mfumo ukisoma bei kutoka kwenye hifadhidata senti moja inapotea. Bei ya tumbaku ikitajwa kwa dola, basi senti zitunzwe kama namba nzima tangu zinapoingia.

Safu ya PHP hukumbuka mpangilio uliotumia kuingiza vitu. Map ya Go (jedwali la funguo na thamani zake) haikumbuki, na walioitunga waliuvuruga mpangilio huo makusudi ili mtu asiutegemee. Ipitie map ya wakulima kwa range mara mbili uone: aliyekuwa wa kwanza sasa huenda yuko katikati, na karani atadhani data imeharibika. Toa funguo, zipange, ndipo uzipitie.

Lakini kubwa kuliko yote haliko kwenye hesabu. PHP kwa kawaida husafisha kila kitu ombi likiisha, yaani ukurasa ulioombwa ukishajibiwa. Kigeu cha jumla hufa pale pale. Programu ya Go iko hai siku nzima, inahudumia maombi mengi kwa pamoja. Ukimweka "mkulima wa sasa" kwenye kigeu cha jumla, karani wa dirisha la pili anaweza kuona deni la mkulima wa dirisha la kwanza. Na maombi mawili yakiandika kwenye map moja kwa wakati mmoja, Go ikigundua inaizima programu nzima. Kila kinachohusu ombi kipitishe kama hoja ya fanksheni, kinachoshirikiwa kifungiwe kwa sync.Mutex (kufuli la Go), na majaribio yaendeshwe kwa go test -race, amri inayosaka migongano hiyo. Ukiwa peke yako mezani mtego huu hauonekani; huonekana siku ya malipo.

Tarehe nazo zina kioja chake. Go huelezwa mtindo wa tarehe kwa mfano wa 2 Januari 2006, hivyo mtindo wetu wa siku, mwezi, mwaka huandikwa 02/01/2006, kwa tarakimu hizo hizo. Ukiweka tarehe nyingine yoyote kama mfano, unapata takataka.

Kwa namna ya kujifunza, chagua kipande kimoja kinachofanya kazi tayari, mfano ripoti ya malipo ya msimu uliopita, ukiandike upya kwa Go. Hifadhidata ya MySQL ibaki ile ile, na maktaba kubwa za tovuti ziache kwanza, net/http inayokuja na Go inatosha. Kubadili lugha na hifadhidata kwa mpigo mmoja ni kujinyima jibu la swali "kosa limetoka wapi?" Bando likiwa bado lipo, endesha go mod vendor ili dereva wa MySQL (msimbo unaoiunganisha Go na hifadhidata) akae ndani ya folda yako. Maelezo ya fanksheni unayapata bila intaneti kwa go doc, mathalani go doc time.Parse.

Kisha linganisha ripoti ya zamani na mpya, mstari kwa mstari. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, usihamishe kitu. Zikilingana, mfumo wa PHP uendelee kulipa msimu mmoja zaidi huku wa Go ukihesabu pembeni bila kumlipa mtu.

Msomaji wako,
Isevya, Tabora