Siri ya mwanafunzi si mali ya ofisi ya walimu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa miaka ishirini na nane bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu semina ya walimu wa nasaha imenishinda kuinyamazia. Mmeandika, bila kuhoji lolote, kwamba mwanafunzi akigundulika anavutiwa na wa jinsia yake, mwalimu wa nasaha ampeleke kwa mwalimu mkuu na kwa mzazi, ili arekebishwe.

Arekebishwe kwa dawa gani? Wataalamu wa maradhi ya akili wa Marekani waliliondoa jambo hili katika orodha yao ya maradhi mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo Mei 17, 1990. Mwaka 2009 jopo la wanasaikolojia wa Marekani lilipitia tafiti za miaka mingi likaona kuwa juhudi za kumgeuza mtu hazielekei kufanikiwa, na zinaweza kumtia huzuni nzito hadi atamani kufa.

Msinambie hayo ni ya Wazungu. Nilikuwa mwalimu wa nasaha hapa Pemba. Kijana wa kidato cha tatu alinijia baada ya adhuhuri, akakaa kimya muda mrefu, kisha akanambia: "Mwalimu, mimi nafsi yangu hainendi kwa wasichana, na kila alfajiri namuomba Mungu aniondolee." Hakuwa amefanya kitu na mtu. Alikuwa hali, halali, na masomo yameporomoka. Nikamsikiliza, nikamwambia arudi Jumatatu, nikaandika katika daftari la nasaha kama tulivyoagizwa. Daftari lile likasomwa ofisini kama gazeti! Alkhamisi paredi nzima inajua, Ijumaa mtaa mzima, na Jumamosi baba yake kamtupia nguo zake nje. Jumatatu niliyomuahidi, kiti chake kilikuwa kitupu. Mkono ulioandika ni wangu, na mpaka leo nikilikumbuka daftari lile usingizi hunipaa. Sheria zetu nazijua, na dini yangu naijua kuliko wengi waliolisoma daftari lile wakicheka. Lakini mtoto aliyekuja kulia mbele ya mwalimu wake ana kosa gani? Siri ya nasaha huvunjwa pale uhai wake au wa mwenziwe ulipo hatarini. Hapa tuliivunja, na ndipo tulipouhatarisha uhai wake.

Na hicho kinachoitwa chumba cha nasaha, mwandishi wenu alikwenda kukitazama? Changu kilikuwa stoo ya mafagio, kimetengwa kwa ubao usiofika dari, upande wa pili wanafunzi wanalipa michango. Nilisomesha na Jiografia, na zamu ya lango ni yangu. Mafunzo yangu ya nasaha yalikuwa siku tatu. Binti aliyebakwa alinisimulia yaliyomkuta humo humo, kwa kunong'ona.

Basi semina hizo zisite kwanza. Kila skuli ijengewe chumba cha matofali, ukuta ufike juu, mlango uwe na kitasa na ufunguo mmoja tu, akae nao mwalimu wa nasaha. Daftarini iandikwe tarehe na saa, jina lisiandikwe. Ndani viwekwe viti viwili na mtungi wa maji, kwani mtoto akishalia huomba maji.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba