Kaka, ile picha yako ya Kipande House

Kaka,

Mchango wa harusi nimetuma. Sufuria kubwa za shosho, nyanya yetu, ziko kwangu, mtu aje azichukue Ijumaa. Unalalamika kwamba sikusema chochote ulipoweka kwenye grupu la familia picha yako, tai shingoni, mbele ya Kipande House, na maneno "Wazungu walijua kujenga."

Kwanza, hilo jengo ni kazi ya Gurdit Singh, mwaka 1913. Lilikuwa bohari ya reli, na hadi 1935 Nairobi haikuwa na jengo refu kulishinda. Benki ililinunua 1976. Haya yote unayajua, hupendi tu kuyataja, kama usivyopenda kutaja jina lake lilikotoka.

Sheria ya kipande, kitambulisho cha lazima cha wanaume Waafrika, ilipitishwa 1915, ikaanza kuuma baada ya vita. Mwanamume Mwafrika alichukuliwa alama za vidole, karatasi ikatiwa kwenye kikopo cha chuma akining'inize shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika mshahara wako na siku uliyoacha kazi. Asipotia sahihi, huendi popote. Machi 1922 Harry Thuku alipokamatwa kwa kupinga mambo kama hayo, watu waliokwenda kudai aachiliwe walimiminiwa risasi.

Guka, babu yetu, alipanga foleni kwenye jengo hilo akiwa kijana, apewe kipande chake. Ndiyo maana siku ya pensheni alivua kofia mlangoni akagoma kuingia. Askari akamwambia, "Mzee, pita tu." Akanyoosha mkono wa kulia, vidole vimetanuka, akangoja apakwe wino. Nawe ukamshika kiwiko ukamvuta ukicheka: "Guka, siku hizi hapa ni benki!" Kofia ikaanguka. Ni yule askari aliyeiokota.

Usiniulize mimi nilifanya nini. Nilikuwa na bahasha ya vyeti vyake na nafasi yetu kwenye foleni, ningeiachia nani? Kila mmoja alikuwa na kazi yake siku hiyo, yako ilikuwa kumshika mkono mzee taratibu.

Sikatai, bili za hospitali ulilipa wewe, na shosho hulala akikuombea. Mkubwa wetu ni wewe. Lakini mkubwa huwaambia watoto ukweli, nami nikiwaambia wanangu unasema nawalisha uchungu.

Harusini nitakuja, nitakaa na shosho. Ukipewa kipaza sauti, usiisimulie ile ya Guka na benki kama kichekesho ulivyozoea. Ukiianza tu, nitasimama niimalizie mimi, wakwe wakisikia.